Daftari la Viti

Valdivia, mwezi Mei

Mimi ndiye niliyepewa daftari la viti.
Kila kilichotoka darasani nimekiandika,
kwa sababu, alisema Fresia, siku ya mwisho
watahesabu miguu ya viti
kabla ya kutuhesabu sisi.
Mia mbili na kumi na saba.
Tumevipandanisha kwenye lango la Kitivo cha Misitu,
mguu ndani ya mguu, mgongo juu ya mgongo,
mpaka lango limekuwa kichaka cha chuma.

Mvua ya hapa haina haya. Inaanza Jumatatu,
inakumbuka kuacha Alhamisi ya wiki nyingine.
Kando ya mto, sokoni, simba wa bahari wanakoroma
kama baraza la chuo likijadili ajenda ya saba,
ambayo ni sisi.

Usiku wa tatu tulikaanga maandazi ya boga.
Bawabu Eleuterio akatupitishia kuni dirishani
akiapa kwamba hajatuona,
kisha akauliza kama zinatosha.

Barua ya mkuu wa kitivo ilifika imelowa.
Uchunguzi unaendelea.
Miezi kumi na minne unaendelea!
Ungekuwa mtoto ungeshatembea,
ungeshajua kusema hapana.
Mvumilivu hula mbivu, tuliambiwa.
Tulivumilia. Zikaiva.
Akala yeye.

Usiku wa nne Yanara alishuka ngazi
amebeba kiti kutoka chumba mia tatu na nne.
Si kile cha ngozi, cha mwenye ofisi.
Cha mgeni. Kitambaa kijani, kimechakaa mikononi.
Ngazi nzima ikanyamaza.
Nikafungua daftari, nikaandika:
218. Kiti. Kijani. Kifupi.

Fresia alisoma begani mwangu.
"Kifupi umejuaje? Bado amekibeba."

Kalamu ilikuwa na wino. Mimi sikuwa na neno.
Ukikaa pale magoti yanapanda, macho yanashuka,
na anayezungumza nawe anakuwa mrefu bila kusimama.
*Funga mlango, binti, baridi inaingia.*
Fresia hakuuliza tena.
Alinishika kiwiko, akakiacha mkono wake pale
kwa muda ambao sikuuandika.

Basi kukazuka mjadala. Tukichome, walisema hawa,
kuni zinakaribia kwisha. Tukipandishe juu ya lango,
walisema wale, mji mzima ukione.
Mmoja akataka kura. Mmoja akataka kura
ya kuamua kama tupige kura.
Hakuna aliyemuuliza Maite,
ambaye jina lake ndilo lililo kwenye faili,
naye alikuwa juu ya ndoo, anamenya viazi.

Aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye suruali.
Akakipindua kiti, akakuna rangi kwa ukucha,
akanusa, kama tulivyofundishwa mwaka wa kwanza.
"Koiwe," alisema. "Mti mzuri.
Mti haujamkosea mtu."

Akaomba vipande vinne vya kuni, msumeno, misumari.
Hatukusogea; tulimshikia tochi tu.
Aligongomea kipande chini ya kila mguu,
na kila pigo la nyundo
lilirudi kutoka ofisi tupu za juu
kama mtu anayebisha hodi na kujifungulia mwenyewe.
Mguu mmoja ulibaki pungufu. Akauwekea
barua ya mkuu wa kitivo, imekunjwa mara nane.

Kisha akaketi. Macho yake yakawa sawa na yetu.
Akaomba arudishiwe kisu na viazi.

Mvua ilikuwa bado ipo. Uchunguzi, bila shaka, unaendelea.
Nilifuta neno moja daftarini, nikaandika juu yake:
*kimeongezwa urefu.*
Na chini, pale pa sahihi ya mwandishi,
ambapo siku zote niliweka mstari tu,
niliandika jina langu. Lote.